Mahali pa Kushika

Mjini Eddystone, Pennsylvania, kando ya mto Delaware, kulikuwa na kiwanda ambacho jina lake bado huwafanya mafundi bunduki wa Marekani wavute pumzi kabla ya kuanza kazi. Kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kuitengenezea Uingereza bunduki aina ya Pattern 14. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, mitambo ile ile ikageuzwa itengeneze M1917, bunduki ya umbo hilo hilo iliyotumia risasi ya Kimarekani ya .30-06. Eddystone peke yake ilitoa zaidi ya milioni moja. Vita vilipokwisha maghala yalikuwa yamefurika, na katika miongo iliyofuata nyingi kati ya bunduki hizo ziliishia mikononi mwa raia kwa bei nafuu. Wawindaji walizipenda. Bodi yake, yaani kile kipande cha chuma ambamo komeo huteleza na mtutu hufungwa, ilikuwa kubwa na nene, yenye uwezo wa kubeba risasi nzito kuliko ile ya jeshi. Kilichobaki kilikuwa kuutoa mtutu wa vita na kuweka mtutu mpya wa uwindaji.

Mtutu haukutoka. Fundi aliubana kwenye jiriwa, akafunga spana kwenye bodi, akavuta. Haukusogea. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kuning'inia kwa uzito wake wote. Mara nyingine ulisikika mlio mkali na mtutu ukaachia. Mara nyingine ulisikika mlio uo huo, mtutu ukaachia vilevile, lakini bodi iliposafishwa na kuangaliwa kwenye mwanga mkali ilionekana na ufa mwembamba kwenye pete ya mbele. Bodi yenye ufa haitengenezeki, na kuendelea kuifyatulia risasi ni kujitakia mauti.

Mitutu ya Eddystone ilikuwa imekazwa kupita kiasi tangu kiwandani. Mafundi walihangaika na mafuta ya kupenya kutu, na moto, na nyundo, hadi baadhi yao wakafikiria upya ni nini hasa kinachoushika mtutu ule. Hesi zenyewe hazikuwa tatizo. Mtutu una bega, ukingo unaogusa uso wa mbele wa bodi pale hesi zinapoishia, na msukumano wa bega dhidi ya bodi ndio unaozifanya hesi zing'ang'anie. Basi wakaupeleka mtutu kwenye mashine ya kukereza na kukata mfereji mwembamba kwenye bega, mbele kidogo ya bodi. Mtutu ulikuwa wa kutupwa hata hivyo, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Bega lilipopoteza chuma cha kusukumia, ukaidi wote ulikwisha, na mtutu uliowashinda watu wawili wenye bomba ukafunguka kwa spana ya kawaida.

Mbinu hiyo ya mfereji ingali inatumika leo, na inaeleza jambo ambalo mnunuzi wa vifaa anapaswa kulijua kabla hajafungua pochi. Kazi ya kutoa na kufunga mtutu inaonekana kuwa ya nguvu, na wauza vifaa huiuza hivyo: spana ndefu zaidi, jiriwa zito zaidi, jeki ya maji ya tani kadhaa. Ukweli ni kwamba nguvu huja mwisho. Kwanza ni kujua kipande kimeshikwa wapi, kisha ni kukishika mahali sahihi, kisha ni kupima.

Swali la haki ni kwa nini mtu afanye kazi hii nyumbani hata kidogo. Jibu limo ndani ya mtutu wenyewe. Risasi ya .308 Winchester, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa uwindaji na shabaha, inaruhusiwa na kanuni za Ulaya kufikia shinikizo la baa 4,150, wakati tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Gesi ya baruti inayowaka hupita kwenye mwanzo wa mifuo ya mtutu ikiwa na joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha chuma kinapoa, kisha kinaunguzwa tena. Uso wake hupata nyufa ndogondogo na kuliwa kidogo kidogo kuelekea mbele. Mtutu wa .308 unaotunzwa unaweza kupiga risasi elfu kadhaa kabla shabaha haijaanza kuyumba. Mtutu wa risasi zenye baruti nyingi na tundu jembamba, kama .264 Winchester Magnum, huchoka mapema zaidi. Kwa mwindaji anayepiga risasi ishirini kwa mwaka hilo halina maana, atarithisha bunduki na mtutu wake. Kwa mshindani wa shabaha za masafa marefu anayefanya mazoezi kila wiki, mtutu ni kitu cha kubadilishwa, na kumngojea fundi kwa miezi ni kukosa msimu.

Zamani hakukuwa na njia nyingine ila kungoja. Harry Pope, aliyezaliwa 1861 na kufa 1950, alikuwa mtengenezaji wa mitutu aliyeheshimiwa kuliko wote Marekani katika zama zake. Wapiga shabaha walimpelekea bunduki zao Jersey City na kukaa wakisubiri, kwa sababu aliifanya kazi karibu yote mwenyewe na hakuharakishwa na mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Askari waliorudi walipewa fursa ya kusomeshwa na serikali, na mwaka 1947 chuo cha Trinidad huko Colorado kilianzisha mafunzo ya ufundi bunduki. P. O. Ackley, fundi mashuhuri aliyekuwa na tabia ya kuzipasua bodi za bunduki kwa makusudi ili ajue ipi ina nguvu, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Duka la Brownells, lililoanzishwa Iowa 1939, likawa linawauzia kwa posta vifaa ambavyo awali kila fundi alijichongea. Ndipo karakana ya nyuma ya nyumba ikaanza kuwa na jiriwa la mitutu.

Jiriwa hilo halifanani na lile la fundi seremala au fundi baiskeli. La kawaida lina meno, na mtutu ni bomba la duara lililosuguliwa vizuri. Ukilikaza kwa nguvu linachora mtutu, ukilikaza kwa huruma mtutu unazunguka humo humo ndani. Jiriwa la mitutu ni mapande mawili mazito ya chuma au alumini yanayokutanishwa kwa bolti kubwa, na katikati huwekwa vikombe vya kushikia, vilivyochongwa kwa mbao ngumu, alumini au shaba, vyenye umbo la mtutu unaobanwa. Hapo ndipo thamani ya kifaa ilipo. Mitutu mingi imechongoka kuelekea mdomoni. Kikombe chenye tundu lililonyooka hugusa mtutu uliochongoka kwenye ukingo mmoja tu, na kadiri bolti zinavyokazwa mtutu husukumwa mbele na kuteleza. Kikombe kinachofuata mchongoko wa mtutu huushika kwa urefu wake wote, na bolti hazihitaji kukazwa kwa hasira.

Mafuta ni adui hapa. Mtutu na vikombe husafishwa kwa kiyeyushi hadi vikauke kabisa, kisha hunyunyiziwa unga wa utomvu wa msonobari, uleule ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde. Kifaa cha senti chache hufanya kazi iliyoshinda bomba la mita moja. Na jiriwa lenyewe lazima lifungwe kwenye kitu kisichoondoka: nguzo ya chuma iliyozikwa kwenye saruji, au meza nzito iliyofungwa ukutani. Wengi wamenunua jiriwa bora, wakalifunga kwenye meza ya mbao nyepesi, kisha wakashangaa meza inapoanza kuzunguka chumbani badala ya mtutu.

Upande wa pili ni spana ya bodi, na ndiyo yenye uwezo wa kuharibu zaidi.

Bodi ya bunduki ya komeo si bomba zima. Mbele ina pete nene yenye hesi za mtutu. Nyuma yake kuna uwazi wa kupakia risasi na kutolea maganda, na chini uwazi mwingine wa magazini, kwa hiyo katikati kilichobaki ni mbavu mbili za chuma. Mwishoni kuna daraja ambamo komeo hupita. Mtu akiishika bodi kwa nyuma na kuizungusha, nguvu yote hupita kwenye zile mbavu kabla ya kufika kwenye hesi. Mbavu hujipinda. Pengine kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini komeo lililokuwa likiteleza litaanza kukwama, na masikio yake mawili ya mbele, yanayobeba msukumo wote wa risasi, hayatakaa sawasawa tena. Ndiyo maana ni hatari kuchomeka mtaimbo kwenye uwazi wa bodi na kuutumia kama mpini. Jambo hilo lilifanywa sana, na bado lipo, na bodi nyingi nzuri zimeharibiwa nalo.

Spana inayofaa hukamata pete ya mbele, karibu iwezekanavyo na hesi. Kuna za nje na za ndani. Ya nje ina mapande mawili yanayoikumbatia pete na kubanwa kwa bolti. Umbo lake lazima lifanane na bodi husika, kwa kuwa Remington 700 ni duara chini na juu, wakati Mauser 98 ni bapa chini na ina kizuizi cha teke, yaani kipande kinachopeleka msukumo wa mlipuko kwenye kitako, kilichofuliwa pamoja na bodi. Ya ndani ni fimbo nene inayoingizwa kwa nyuma kupitia njia ya komeo, yenye kichwa kinachoingia pale masikio ya komeo yanapokaa. Hiyo ina raha yake: darubini haiondolewi kwenye bodi, na kazi huisha kwa dakika chache. Lakini hukaa kwenye sehemu ndogo ya chuma, na sehemu yenyewe ndiyo ile iliyosuguliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Kwa mtutu uliofungwa na mmiliki mwenyewe kwa kipimo kinachojulikana, spana ya ndani ni chaguo zuri. Kwa mtutu wa kiwandani ambao haujaguswa tangu bunduki itengenezwe, sembuse wa kijeshi wenye kutu ya miaka themanini, ni ya nje tu.

Spana ya bomba, ile yenye meno, isikaribie kabisa. Wala kifaa kinachodai kutoshea bunduki za kila aina. Mtu mwenye Remington anunue spana ya Remington, na akija kupata Mauser anunue nyingine. Inauma mfukoni, ila bado ni nafuu kuliko bodi moja.

Kuhusu moto, historia imekwisha kutoa ushahidi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani lilikuwa likitengeneza bunduki ya Springfield ya 1903 kwa kuzifua bodi zikiwa nyekundu kwa moto. Wafuaji walikuwa watu wa uzoefu mkubwa na walikadiria joto kwa kuangalia rangi ya chuma. Mwaka 1917 baadhi ya bodi zilianza kupasuka zikifyatuliwa, na uchunguzi ulipofanywa kwa vipimajoto iligundulika kwamba rangi iliyoonekana sahihi siku ya mawingu ilionekana hafifu siku ya jua kali, na siku hizo mafundi walikuwa wakikipasha chuma joto kupita kiasi kwa hadi nyuzi 300 za Farenhaiti, karibu 167 za Selsiasi, bila kujua. Chuma kiliungua na kuwa chepesi kuvunjika. Baadhi ya bodi zilivunjika kwa pigo la nyundo. Mfumo ulibadilishwa 1918. Hadi leo wajuzi huwaonya watu wasifyatue bodi za Springfield zenye namba chini ya 800,000, au za Rock Island zenye namba chini ya 285,507. Julian Hatcher, ofisa wa jeshi aliyeshughulika na suala hilo, aliliandika kirefu katika kitabu chake cha 1947, Hatcher's Notebook.

Kama wafuaji wa kiwanda cha serikali, wenye miaka mingi mbele ya tanuru, walidanganywa na macho yao, mtu mwenye chupa ya gesi kwenye banda la gari hana sababu ya kuyaamini yake. Bodi imepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na joto lisilopimwa linaweza kuuondoa. Mafuta ya kupenya na usiku mzima wa subira havijawahi kuharibu bodi ya mtu.

Baadhi ya ugumu wa kazi hii, hata hivyo, ulitatuliwa kwenye meza ya mchoraji kabla bunduki haijafika kwa mteja. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ya Massachusetts ilitoa bunduki ya Model 110, kazi ya mhandisi Nicholas Brewer, iliyokusudiwa kuwa rahisi kutengeneza. Mtutu wake haukuwa na bega. Ulikuwa na hesi ndefu na nati kubwa ya duara: mtutu huzungushwa kuingia kwenye bodi hadi kufikia kina kinachotakiwa, kisha nati hukazwa dhidi ya bodi na kuufunga hapo hapo. Kiwandani maana yake ilikuwa kwamba mfanyakazi hakuhitaji kukereza bega kwa usahihi mkubwa kwa kila bunduki. Miaka mingi baadaye watu wa mashindano wakatambua kwamba Savage ilikuwa imewapa, bila kukusudia, bunduki ambayo mtutu wake ungeweza kubadilishwa nyumbani bila mashine ya kukereza.

Ili kuona kwa nini, ni lazima kuielewa nafasi ya ganda. Komeo likifungwa, ganda la risasi hukaa kati ya uso wa komeo na mabega ya chemba, yaani tundu la mtutu ambamo risasi hukaa, kwa mbele. Nafasi hiyo ikiwa fupi mno, komeo halifungi. Ikiwa ndefu mno, ganda la shaba hunyooka kwa nguvu ya mlipuko hadi kukatika karibu na kitako, na gesi ya baa maelfu hutafuta njia kuelekea nyuma, uliko uso wa mpigaji. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji, yaani vipande vya chuma vyenye umbo la ganda. Kwa .308, geji ya chini ina urefu wa inchi 1.630, yaani milimita 41.40, na komeo linatakiwa lifunge juu yake. Geji ya juu ni inchi 1.634, milimita 41.50, na komeo halitakiwi kufunga. Tofauti kati ya kupita na kufeli ni sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya mashine ya chapa. Ipo pia geji ya tatu, ya inchi 1.638, kwa bunduki zilizokwisha kutumika. Komeo likifunga juu ya hiyo, bunduki haifai tena kufyatuliwa.

Hesi za Savage ziko 20 kwa kila inchi, maana yake mzunguko mmoja kamili husogeza mtutu milimita 1.27. Sehemu ile ya kumi ya milimita ni karibu digrii 29 za mzunguko, na mkono wa binadamu unaweza kuiongoza bila taabu. Mmiliki huweka geji ya chini kwenye chemba, hufunga komeo, huzungusha mtutu hadi uguse geji, hushika hapo na kukaza nati. Kisha hupima tena, kwa sababu nati ikikazwa hukaza pia ule ulegevu mdogo uliomo kwenye hesi, na kipimo kinaweza kusogea. Geji ya juu ndiyo inayosema kama kazi imekubali.

Remington 700, iliyotoka 1962, haikutengenezwa hivyo. Mtutu wake una bega, na kati ya bega na bodi kumebanwa kizuizi cha teke, kipande bapa chenye tundu. Kufunga mtutu mpya kwa njia ya asili kunahitaji mashine ya kukereza na mtu anayeijua, na kizuizi nacho lazima kisimame wima wakati mtutu unakazwa, maana kikiegemea upande mmoja bunduki haikai tena kwenye kitako chake. Watu wa nyumbani wakaikopesha Remington nati ya Savage. Mitutu ya mchanganyiko huo inauzwa sana leo kwa jina la Remage, na kwa nati hiyo huja spana yake maalumu pamoja na kishikizo cha kukisimamisha kizuizi. Wapo wasiopenda umbo la nati inayojitokeza mbele ya bodi. Kwenye shabaha za karatasi, tofauti haionekani.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa watengenezaji wa bodi wenyewe. Mashine za kompyuta zimeziwezesha kampuni kama Zermatt Arms na Defiance Machine kushikilia vipimo vya bodi kwa uthabiti kiasi kwamba mchonga mitutu wa mji mwingine anaweza kutengeneza mtutu wenye bega, ukiwa na chemba tayari, bila kuiona bunduki. Mnunuzi huupokea kwa posta na kuukaza. Ujerumani, kampuni ya Blaser ya Isny ilikwenda mbali zaidi: kwenye R93 ya mwaka 1993 na R8 ya 2008, komeo hujifunga ndani ya mtutu wenyewe, kwa hiyo nafasi ya ganda haitegemei jinsi mtutu ulivyofungwa kwenye kitako. Mwindaji hufungua skrubu mbili kwa ufunguo mmoja, huweka mtutu wa risasi kubwa badala ya ndogo, na hufunga. Usalama umo ndani ya umbo la bunduki, nao ni usanifu bora kuliko wote uliotajwa hapa, kwa bei ambayo wengi hawaimudu.

Waingereza nao walilitatua tatizo hilo hilo la nafasi ya ganda kwa upande wa nyuma. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliibeba vitani hadi Burma, ilikuwa na komeo lenye kichwa kinachofunguka. Katika toleo la No. 4 vichwa hivyo vilipigwa namba kuanzia 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Bunduki ilipochakaa na nafasi kuongezeka, fundi wa jeshi alipima kwa geji, akafungua kichwa cha namba 1, akaweka cha namba 2. Mtutu haukuguswa. Hakuhitaji jiriwa wala spana kubwa, ila bila geji asingeweza kuanza.

Ndiyo maana orodha ya manunuzi inapaswa kuanzia upande ambao wengi humalizia. Jozi ya geji kwa risasi moja, ya chini na ya juu, inunuliwe kwanza, kutoka kwa mtengenezaji mmoja ili zote mbili zifuate kipimo kile kile. Wapo wanaobandika vipande vya utepe kwenye kitako cha risasi tupu badala ya kununua geji ya juu. Utepe hubonyea, na kipimo kinachobonyea hakimlindi mtu jicho lake. Baada ya geji ndipo jiriwa lenye vikombe vinavyolingana na mtutu, kisha spana ya bodi moja mahususi, kisha spana ya kipimo cha mkazo. Hii ya mwisho hudharauliwa kwa kuwa mitutu mingi hukazwa kwa makisio na haifunguki yenyewe. Faida yake huonekana siku ya kutoa. Kiwango kinachotajwa sana kwa bunduki za komeo ni kati ya pauni-futi 50 na 100, yaani niutoni-mita 68 hadi 136, na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Mtutu uliokazwa hivyo, hesi zake zikiwa safi na zimepakwa grisi ya kuzuia kung'ang'ana, hufunguka tena bila vita. Kopo hilo la grisi lingewaokolea watu wa M1917 bodi nyingi.

Haya yote yanawezekana nyumbani kwa sababu ya sheria ya mahali. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni bodi. Mtutu ni kipuri, na huuzwa kama kipuri, ingawa sheria ya 1934 inaweka masharti mazito kwa bunduki yenye mtutu ulio chini ya inchi 16. Kwingineko si hivyo. Uingereza mtutu ni sehemu inayobeba shinikizo na unahitaji kibali chake. Kenya na Tanzania, ufundi wa silaha umefungwa ndani ya leseni, na mwenye bunduki halali ambayo mtutu wake umechoka hana cha kununua katika orodha iliyotajwa hapa. Njia yake ni fundi aliyeidhinishwa.

Uingereza na Ujerumani kuna hatua moja zaidi baada ya mtutu mpya kufungwa, ambayo mmiliki wa Marekani halazimiki kuipitia. Bunduki hupelekwa kwenye nyumba ya majaribio. Ile ya Birmingham imekuwapo tangu 1813. Huko hukaguliwa na kupimwa, kisha hufungiwa mahali salama na kufyatuliwa kwa risasi maalumu yenye shinikizo lililozidi kiwango cha juu kwa angalau robo, mtu akiwa nyuma ya ukuta. Baada ya hapo mkaguzi hutazama kama kuna ufa au chuma kilichovimba, huingiza tena geji kwenye chemba, na nafasi ya ganda ikiwa haijasogea, mtutu na bodi hupigwa mhuri.